UZI: Umeambiwa utoke kwenye nyumba ya kupanga hapa Kenya? Soma kabla hujafungasha

Mwenye uzi (Kisauni, Mombasa):

Salaam ndugu zangu. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa mtaani, si wakili. Kila ukifika mwisho wa mwezi napokea simu zinazofanana: kodi imechelewa, mwenye nyumba amekasirika, msimamizi wa ploti amepita mlangoni na kusema "kesho nisikukute." Anayepiga tayari ameshaanza kukunja magodoro. Naandika uzi huu ili anayefuata akute haya yameandikwa, asifungashe kwa woga.

La kwanza kabisa: deni la kodi ni deni kama deni lingine. Halimpi mwenye nyumba ruhusa ya kutia kufuli lake juu ya lako, kung'oa mlango, kuezua mabati wala kukata maji na stima ili utoke. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliona kwenye habari watu wakiezuliwa paa na kung'olewa milango kwa sababu walikosa kodi. Wengi waliotazama walidhani mwenye nyumba ana haki hiyo, ila amekosa huruma. Hana haki hiyo.

Shikeni kifungu cha 90 cha Kanuni ya Adhabu. Kinasema mtu anayeingia kwa nguvu kwenye nyumba au ardhi ili aichukue, iwe kwa kumpiga aliyemo, kumtisha au kuvunja, ametenda kosa la jinai, na haijalishi kama ana haki ya kuingia au hana. Nakitaja mapema kwa sababu mpangaji akifika kituo cha polisi mara nyingi huambiwa "hiyo ni kesi ya madai, nenda mahakamani." Suala la kodi ni la madai, kweli. Kuvunja mlango ni jinai. Yatenganishe mawili hayo unapoandikisha taarifa, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Pili, ujue uko kundi gani, maana sheria haimtazami kila mpangaji kwa jicho moja.

Kama unaishi kwenye nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, unalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Ndiyo, kiwango hicho ni kidogo mno kwa maisha ya leo, na inaniuma kwamba sheria iliyotungwa kumlinda mnyonge imemwacha nje mpangaji wa bedsita (chumba kimoja cha kujitegemea) ya elfu sita. Lakini huku Kisauni, Likoni, Mishomoroni na kwenye mitaa mingi ya mabanda Nairobi bado kuna vyumba vya bei hiyo, na wanaoishi humo hawajui kwamba wao ndio wenye ulinzi mkubwa kuliko wote. Mwenye nyumba hawezi kukutoa bila amri, na Jopo la Udhibiti wa Kodi, linaloamua mashauri ya sheria hii, haliitoi amri hiyo mpaka liridhike kwamba sababu ipo na ni haki kukutoa. Hawezi kuleta dalali wa mnada akamate vitu vyako bila idhini ya jopo. Kukusumbua kwa makusudi ili uhame au ukubali kodi mpya ni kosa lenye adhabu.

Kama umepanga duka, hoteli au kibanda cha chakula, una Sura ya 301, sheria ya upangaji wa biashara, na Jopo la Kodi za Nyumba za Biashara. Nitaieleza zaidi mtu akiuliza, kwa sababu hapo kuna tarehe ambazo ukizikosa umekwisha.

Waliobaki, yaani wapangaji wengi wa mijini wanaolipa zaidi ya 2,500, wako chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012 na mkataba wao. Usidhani kukosa mkataba wa maandishi ni kukosa haki. Ukilipa kila mwezi na akapokea, mna upangaji wa mwezi hadi mwezi, na kifungu cha 57 kinataka notisi isiyopungua kipindi hicho, inayoishia siku ya kulipa kodi. Kwa hiyo notisi ya tarehe 14 inayosema "utoke tarehe 20" ni karatasi tu. Na hata kama umevunja masharti na mwenye nyumba anataka kuuvunja upangaji, kifungu cha 73 kinamruhusu kuingia mwenyewe pale tu ambapo hakuna mtu anayekaa humo. Kama mpo ndani, njia yake ni mahakama. Mahakama nayo ina uwezo wa kukupa nafasi ya kulipa deni ukabaki.

Tatu ni karatasi, na hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi za wapangaji hufia. Lipa kwa M-Pesa au benki, usimpe msimamizi pesa mkononi bila risiti. Mkipatana kwa simu kwamba utalipa nusu leo na nusu tarehe 15, kata simu kisha umwandikie: "Kama tulivyozungumza leo, nimetuma 4,000, zilizobaki nitatuma tarehe 15." Akijibu "sawa", una ushahidi. Asipojibu, bado una ushahidi kwamba ulimwandikia. Piga picha ya nyumba siku unayoingia, kila chumba, pamoja na mita. Zitume kwa mtu mwingine, maana simu hupotea.

Jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Usiache kulipa kodi kwa hasira. Nimeona mtu mwenye haki yote, amekatiwa maji wiki nzima, halafu anasema "basi na mimi silipi." Akifika mbele ya hakimu anaulizwa swali moja tu: unadaiwa? Lipa unachoweza, hata kama ni robo, na ulipe kwa njia inayoacha alama.

Ulizeni.

Mchangiaji, Likoni:

Shukran ndugu. Mimi niko nyumba ya Kiswahili, chumba kimoja, nalipa 2,300. Mwenye nyumba ametuma ujumbe kwenye WhatsApp kwamba kuanzia mwezi ujao ni 3,500, asiyetaka ahame. Tuko wapangaji watano. Wenzangu wawili washaanza kutafuta kwengine.

Mwenye uzi:

Waambie wenzio wasihame kwanza. Kodi yenu iko chini ya 2,500, kwa hiyo hawezi kuipandisha kwa kauli yake. Sababu ya kuongeza aipeleke kwenye Jopo la Udhibiti wa Kodi, nanyi msikizwe. Asikutisheni kwamba akishaandika 3,500 basi mmetoka chini ya ile sheria. Kama hilo lingewezekana, kila mwenye nyumba angetoka kwa ujumbe mmoja wa simu.

Mwezi ujao kila mmoja wenu atume 2,300 kama kawaida, siku ileile, na aandike "kodi ya mwezi fulani." Akirudisha pesa, msiseme "alhamdulillah tumepumzika", ziwekeni kando kabisa, na mnapokwenda kwenye jopo muombe mruhusiwe kuzilipa huko. Piga picha ya skrini ya ujumbe wake ikionyesha tarehe na nambari.

Na mwende pamoja. Watano wenye malalamiko yanayofanana hawaambiwi kirahisi kwamba wana kisa cha binafsi na mwenye nyumba.

Mchangiaji, Nakuru:

Nina kinyozi mjini, mwaka wa nne sasa, hatujaandikiana chochote. Jana nimepokea barua ya wakili, ananipa mwezi mmoja, anasema mtoto wa mwenye nyumba anataka kufungua biashara hapo. Nimeweka viti, vioo, tangi la maji, kila kitu ni mimi. Naanzia wapi?

Mwenye uzi:

Anzia kwenye tarehe. Andika leo siku uliyoipokea hiyo barua na hifadhi bahasha.

Upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, ni upangaji unaodhibitiwa na Sura ya 301. Notisi yake lazima iwe kwenye fomu maalumu ya sheria hiyo, itaje sababu, na iwe ya miezi miwili au zaidi kabla ya kuanza kazi. Barua ya wakili ya mwezi mmoja, hata ikiwa na nembo nzuri, haijafikia hapo.

Lakini usikae ukasema notisi ni mbovu nitapuuza. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mara. Notisi iliyo sawa ikikufikia, una mwezi mmoja wa kumjibu mwenye nyumba kwa maandishi kama unakubali au hukubali. Kisha kabla ya siku ya notisi kuanza kazi, uwe umepeleka shauri kwenye jopo. Ukishapeleka, notisi hiyo haifanyi kazi mpaka jopo liamue. Usipopeleka, siku ikifika notisi inafanya kazi yake na utakuwa umejitoa mwenyewe. Kwa hiyo hata hii mbovu, jibu kwa maandishi kwamba huikubali, na nenda kwenye jopo uombe lisimamishe lolote. Jopo husikiza mashauri nje ya Nairobi pia.

Kuhusu sababu: sheria inamruhusu kutaka nafasi hiyo kwa matumizi yake mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja, ila alete ushahidi kwamba nia hiyo ni ya kweli. Aliyenunua jengo ndani ya miaka mitano iliyopita hawezi hata kuitumia sababu hiyo. Uliza jengo lilibadilisha mikono lini. Tena soma vizuri barua: inasema mtoto wake, lakini je, inasema lolote kuhusu mwenye nyumba mwenyewe kuitumia nafasi hiyo? Mpe mwanasheria aisome neno kwa neno.

Sababu nyingine ambazo angeweza kuzileta ni kama umechelewesha kodi miezi miwili au una tabia ya kuchelewesha, umeharibu jengo, au anataka kulibomoa na kulijenga upya. Kama kodi yako iko safi kwenye M-Pesa, toa taarifa ya miaka yote minne uichapishe leo.

Mchangiaji, Nakuru:

Na kama angekuwa ameniandikia mkataba unaosema anaweza kunitoa wakati wowote?

Mwenye uzi:

Maadamu upangaji ni wa kudhibitiwa, kifungu cha 4 cha Sura ya 301 kinashinda mkataba. Haumaliziki kwa njia nyingine ila ile ya sheria, hata kama ulitia sahihi.

Mchangiaji, Ongata Rongai (mwenye nyumba):

Nasoma hapa kama nyinyi ndio mnaonewa peke yenu. Nina vyumba kumi na viwili, nilijenga kwa mkopo wa sacco. Mpangaji mmoja ana miezi mitano hajalipa, anapita mbele yangu na mkate na maziwa kila asubuhi. Benki hainiulizi kama mpangaji wangu ana shida. Mnataka nifanye nini, nimwangalie?

Mwenye uzi:

Karibu mzee, na nashukuru umekuja. Miezi mitano ni mingi, na mkopo wako ni halali kama ilivyo haki ya mpangaji. Hakuna mahali niliposema usidai.

Una njia mbili, na unaweza kuzitumia zote. Ya kwanza ni kukamata mali kwa ajili ya kodi chini ya Sura ya 293. Hiyo inafanywa na dalali mwenye leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Msimamizi wa ploti na vijana wa mtaani hawana ruhusa hiyo. Inahusu kodi inayodaiwa tu. Huji usiku, na mlango wa nje hauvunjwi bila amri ya mahakama. Dalali anaorodhesha vitu, anampa mdaiwa notisi na muda wa kulipa kabla ya kuuza. Akienda kinyume, mpangaji anaweza kumshtaki kwenye Bodi ya Leseni za Madalali, na kesi inaweza kukurudia wewe uliyemtuma.

Ya pili ni notisi, kisha mahakama: unadai deni pamoja na amri ya kumtoa. Hakimu akikuta maandishi yako yako sawa na mpangaji hana la kujibu, utaipata amri.

Lakini kabla ya hayo, mzee, mwandikie leo barua moja inayosema anadaiwa shilingi ngapi, ya miezi ipi, na umpe mpango wa malipo. Wengi huwa hawajawahi kuandikiwa chochote kwa miezi mitano, wamefokewa tu. Ukiwa na barua hiyo, hata mimi ninayewatetea wapangaji sitakuwa na la kukujibu mahakamani.

Mchangiaji, Ongata Rongai (mwenye nyumba):

Sawa. Barua nitaandika. Lakini mahakama ni ndefu.

Mwenye uzi:

Ni ndefu, hilo ni kweli. Kufuli ni fupi, ila likikufikisha kwenye kifungu cha 90 utatamani ungeenda mahakamani tangu mwezi wa pili wa deni.

Mchangiaji, Githurai:

Samahani naingilia. Mimi yamenikuta usiku huu. Nimetoka kazini nimekuta kufuli kubwa juu ya langu. Sare za watoto, dawa za mama, kila kitu kiko ndani. Nadaiwa mwezi mmoja na nusu. Watoto wako kwa jirani. Mnisaidie haraka.

Mwenye uzi:

Dada, pole sana. Usilivunje hilo kufuli wewe mwenyewe usiku huu, wakigeuza maneno utaambiwa umeharibu mali. Fanya hivi kwa mpangilio.

Piga picha na video ya mlango sasa hivi, saa ionekane. Mwombe jirani aliyeona wakifunga akuandikie au akutumie sauti akieleza aliyoyaona. Mtumie mwenye nyumba ujumbe mfupi bila matusi: "Nimekuta umefunga nyumba ninamoishi, dawa za mama na vitu vya watoto viko ndani. Naomba ufungue usiku huu. Deni nalikubali na nitalilipa kwa mpango." Hapo umeonyesha kwamba hukatai deni.

Kisha nenda kituo cha polisi ukiandamana na mtu mzima mwingine. Anza na dawa: "Dawa za mama mgonjwa zimefungiwa." Usianze na kodi. Taja kifungu cha 90, omba OB. Mara nyingi askari akimpigia mwenye nyumba simu tu, kufuli hutoka. Ikishindikana, asubuhi nenda kwa chifu pia, huku ukitafuta msaada wa mahakama.

Mchangiaji, Nairobi (wakili):

Nikiongezea kwa dada wa Githurai. Ukifika mahakamani unaweza kuomba shauri lisikizwe kwa dharura na utoe ombi la amri ya muda ya kukurudisha ndani mpaka kesi isikizwe. Hapo ndipo zile picha na nambari ya OB zinafanya kazi. Kama huna pesa ya wakili, shirika la Kituo cha Sheria wamefanya kazi ya kutetea wapangaji na waliofukuzwa tangu 1973, na wana ofisi Nairobi na Mombasa. FIDA-Kenya, shirika la mawakili wanawake, husaidia wanawake. Kuna pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Nenda asubuhi na mapema ukiwa na nakala za kila kitu.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: Sheria ya Ardhi inasema mpangaji aliyefukuzwa kinyume cha masharti haendelei kudaiwa kodi ya muda ambao yuko nje. Hiyo miezi ambayo kufuli linakaa mlangoni asikuhesabie.

Mchangiaji, Githurai:

Nimetoka kituoni. Wamempigia. Amekuja amefungua, lakini amesema nitoke mwisho wa mwezi. Nimepata nambari ya OB. Watoto wamelala ndani.

Mwenye uzi:

Alhamdulillah. Sasa kauli ya mdomo usiku si notisi. Kesho tuma chochote ulichonacho kwenye deni na umwandikie mpango wa kilichobaki. Akitaka utoke, akupe notisi ya mwezi mzima kwa maandishi. Muda huo utumie kwa utulivu, ama kulipa mkapatana, ama kutafuta nyumba nyingine mchana kweupe ukiwa na vitu vyako vyote.

Mchangiaji, Eldoret:

Swali fupi. Nyumba ninayokaa imeuzwa. Mnunuzi amekuja na karatasi zake anasema hanijui, nimpishe ndani ya wiki.

Mwenye uzi:

Hakujui, lakini sheria inakujua. Upangaji wa mwezi hadi mwezi, na ule wa muda usiozidi miaka miwili, unaibana ardhi hata kama haukuandikwa kwenye hati. Tazama kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Alinunua nyumba pamoja na wewe ukiwa ndani. Akitaka utoke, akupe notisi kama mwenye nyumba mwingine yeyote. Wewe nawe omba uthibitisho wa maandishi wa mauzo, ikiwezekana na mwenye nyumba wa zamani akuandikie, kabla hujaanza kumlipa mtu mpya. Na uliza mapema pesa yako ya amana (dipoziti uliyoweka ulipoingia) imebaki kwa nani.

Mchangiaji, Changamwe:

Hapo kwenye amana ndipo pangu. Nimehama vizuri, nimetoa notisi, nimepaka rangi, funguo nimerudisha. Mwenye nyumba kila siku "nitakutumia." Ni elfu kumi na nne. Wenzangu wananiambia mwenye nguvu mpishe.

Mwenye uzi:

Kwa hili usimpishe. Elfu kumi na nne ni kodi ya mtu mwingine ya mwezi mzima.

Andika barua ya madai: tarehe uliyohama, tarehe uliyorudisha funguo na nani alizipokea, kiasi, na siku ya mwisho ya kulipa. Wiki mbili zatosha. Ambatisha picha za nyumba ilivyokuwa ulipotoka na ujumbe wa M-Pesa wa siku ulipolipa amana. Akisema kuna uharibifu, aonyeshe ni upi na risiti ya fundi.

Siku zikipita, nenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai ya hadi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Zingatia kwamba mahakama hiyo haiamui nani akae kwenye nyumba, kwa hiyo anayefukuzwa asiende huko kuomba kurudishwa. Ila pesa iliyoshikiliwa, kama yako, ni kazi yake hasa. Ukifika kwenye masjala waambie unadai pesa ya amana ya nyumba, watakupa fomu ya madai. Jaza jina kamili la mwenye nyumba lililo kwenye risiti au mkataba. Usiandike la msimamizi wa ploti, maana hata ukishinda hutamlipisha mtu ambaye hakuwahi kuishika pesa yako.